Matundu Thelathini na Nane

Katika mitaa ya Lubumbashi mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na Annie Mapalo hakuwa na mtoto. Majirani wa Katuba walimwita Yaya Annie, yaani dada Annie, alipokuwa kijana. Alipopita miaka arobaini wakawa hawajui tena wamwiteje, na wengi wakamsalimu kwa "mama" tupu, kama unavyomsalimu mtu usiyemjua dukani. Mafundi wa ujenzi ndio waliompa jina. Walimwita Mama Matundu, kwa sababu ya kazi yake.

Kazi hiyo alijifunza Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, kwa mkandarasi mmoja wa migodini. Alikaa huko miezi saba, akarudi kwa njia ya Sakania akiwa na cheti, mwiko mwembamba, na ujuzi ambao mjini kwake watu wachache walikuwa nao. Jengo linapojengwa, fundi umeme hutoboa ukuta apitishe nyaya zake. Fundi bomba hutoboa sakafu apitishe maji, na wa viyoyozi naye hutoboa pake. Wote huondoka, na matundu hubaki juu ya dari, mahali ambapo hakuna atakayechungulia. Siku moto ukizuka chumba kimoja, moshi hupenya humo, ukaingia chumba cha pili na cha tatu, ukapanda orofa ya juu, na kuua watu ambao mwali wenyewe haujawafikia.

Annie alikuwa anaingia mwisho, wenzake wakishafunga masanduku yao ya vifaa. Alipanda ngazi akajaza kila tundu kwa sufi ya mawe, nyuzi za mwamba ulioyeyushwa, na saruji isiyoshindwa na moto. Palipokuwa na bomba la plastiki alilifunga kola ya chuma yenye dawa ndani yake. Bomba likiyeyuka kwa joto, dawa huvimba na kuziba pengo. Kisha alibandika karatasi ndogo yenye namba, tarehe na jina lake, akarudishia dari. Hakuna aliyewahi kuisifu kazi yake, maana hakuna aliyewahi kuiona.

Aliishi na baba yake, mzee Donat Mapalo, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na sita. Mama yake Annie alikwisha kufa. Mdogo wake, Jeannot, alikuwa Kinshasa na mke na watoto, akipiga simu Jumapili moja moja. Jioni baba na binti walikula bukari, ugali wa mahindi, pamoja, redio ikisema, wao wakinyamaza. Wala si kwamba walikuwa wamekasirikiana. Walikuwa tu watu wawili waliozoea kazi za peke yao, na kunyamaza pamoja kuliwatosha.

Kisha ikaja kazi ya kliniki.

Kampuni moja ya ujenzi ilimwita kwenye kliniki mpya ya orofa nne, mtaa wa Golf. Mkubwa wa ujenzi alikuwa injinia Hénoc Kunda, mtu mcheshi mwenye haraka, anayejua jina la kila mfanyakazi. Annie alipita orofa zote na daftari lake. Nyuma ya vyumba vya wagonjwa kulikuwa na chumba chembamba kinachopanda kama bomba la moshi kutoka chini hadi paani, na humo zilipita nyaya na mabomba yote ya jengo. Kukizunguka alihesabu matundu thelathini na nane. Akaandika orodha ya vifaa, akampa Hénoc.

Vilivyoletwa havikuwa vile alivyoandika. Yalikuja makopo ya povu la rangi ya waridi, yamechorwa picha ya moto na maneno mengi, bila muhuri wa mtu yeyote aliyelipima. Annie alipuliza kidogo kwenye ubao, akangoja likauke, akakata kipande, akakichoma nyuma ya mashine ya zege. Kiliwaka kama mshumaa. Kilidondosha matone yenye moto na kutoa moshi mweusi uliomkaba koo.

Alimpelekea Hénoc kile kilichobaki. Hénoc alikigeuzageuza kwenye kiganja, akamweleza bila ubaya kwamba kliniki inafunguliwa mwezi ujao, kwamba povu limekwisha nunuliwa, na kwamba hakuna atakayekuja kupima. Akamsogezea kalamu na karatasi ya kushuhudia kwamba matundu yote yamezibwa inavyotakiwa.

"Sinye tu, Mama Matundu," akasema. "Iko karatasi tu."

Annie alisema hawezi. Hénoc hakumbembeleza. Kesho yake aliambiwa langoni kwamba kazi yake imekwisha. Watu wengine wawili walipuliza povu katika matundu yote kwa siku moja na nusu. Baada ya hapo neno likaenea katika mji kwamba mwanamke yule anachelewesha kazi za watu. Simu yake ikawa kimya. Akaingia kazi ya kupanga vigae, vyoo na jikoni, Likasi, Kasumbalesa, popote alipoitwa, na miaka miwili ikapita hivyo.

Mwezi wa Agosti, Annie akiwa Kasumbalesa anapanga vigae vya duka, baba yake alianguka uani. Majirani walimtia katika teksi. Hospitali ya kwanza ilikuwa imejaa, dereva akaendelea mbele, na Annie alipofika Lubumbashi saa kumi jioni na vumbi la vigae bado kwenye nywele zake, aliambiwa kwa simu mzee yuko wapi. Alisimama kitambo chini ya ngazi za kliniki ile ile. Mlinzi akamwuliza kama amepotea. Akasema hapana, akapanda.

Mzee Donat alilazwa orofa ya tatu, chumba namba saba. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia na maneno yake yote. Alimtazama binti yake kwa jicho la kushoto, na jicho lile lilimtambua. Kichwa cha kitanda kiliegemea ukuta, na nyuma ya ukuta ule kilipanda kile chumba chembamba cha nyaya. Annie alijua pale pana matundu matano, na namba zake alikuwa bado anazikumbuka.

Aliomba mgonjwa wake ahamishwe. Daktari wa zamu akamwambia kwamba kwa wiki kadhaa mzee hatakiwi hata kuketishwa kwa ghafla, sembuse kupakiwa garini. Kwa hiyo Annie akaketi. Alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza, alimfuta mdomo, na mzee aliposinzia macho yake yeye yalipanda darini. Siku ya tatu hakuvumilia. Alifunga mlango, akapanda kiti, akanyanyua kigae cha dari. Povu la waridi lilikuwa pale pale, limefifia kidogo, panya wamelila pembeni.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mkurugenzi wa kliniki, Daktari Katongo, mtu mwembamba mwenye macho ya usingizi. Annie alieleza kwa utulivu yeye ni nani, povu ni kitu gani, na kwamba yeye mwenyewe aliliona likiwaka. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili la ujenzi, akalipekua, na kugeuza karatasi moja ili Annie aisome. Ilishuhudia kwamba matundu thelathini na nane yamezibwa kwa vifaa vinavyozuia moto kwa saa mbili. Chini yake kulikuwa na saini: *Annie Mapalo*.

"Hii iko jina yako?" akauliza.

"Jina njo yangu, Dokta. Lakini mukono yenye iliandika haina yangu."

Daktari Katongo aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. Annie aliona alivyokuwa akifikiri: huyu mwanamke amegombana na kampuni, au anatafuta kitu. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alifunga faili taratibu, akasema kwamba mambo ya saini yana mahakama yake.

"Ulinde mugonjwa wako, mama," akasema. "Nyumba, utuachie sisi."

Annie alirudi chumba namba saba akakaa na mikono mapajani. Kilichomchoma hakikuwa kutosadikiwa. Miaka miwili amekuwa akipita mjini akijiambia kwamba angalau hakusaini, na wakati huo wote jina lake lilikuwa ndani ya kabati likiwaambia watu walale bila wasiwasi. Kila aliyewahi kulala humu, mwanamke aliyejifungua, mtoto wa malaria, mzee kama baba yake, alikuwa amelala chini ya jina lake. Na moto ukija, ni yeye watakayemtafuta. Angeweza kwenda mahakamani, akangoja miaka. Lakini kesi haizibi tundu.

Asubuhi alimpigia simu Nono, mwanamke wa Sakania aliyezoea kuvusha bidhaa kutoka Zambia, akamwagiza saruji ya moto, sufi ya mawe na kola za mabomba kwa majina yake kamili. Nono aliuliza kama amepata kazi tena. Annie akajibu kwamba amepata.

Vitu vilifika baada ya siku tisa. Annie alikuwa na kikapu cha kumletea mzee chakula, kama walivyokuwa navyo wanawake wote wanaopanda ngazi zile mchana. Juu aliweka sahani ya bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofunikwa kitambaa. Chini yake kulikuwa na sufuria yenye kilo sita za saruji. Siku ya kwanza mlinzi alimhurumia, akakichukua kikapu kumsaidia, akakaribia kukiangusha. "Mama," akasema, "bukari yako iko nzito." Annie akamwambia kwamba baba yake ni mtu wa reli, watu wa reli wanakula.

Kazi ilikuwa na saa zake. Baada ya chakula cha mchana, kati ya saa nane na saa kumi, kliniki ililala: wageni walisinzia kwenye viti, wauguzi walijaza karatasi zao. Annie alichukua ngazi ya wasafishaji iliyosimama chooni, akakoroga saruji ndani ya sufuria, akapanda. Kwanza alilikata povu kwa kisu na kulitia katika mfuko. Kisha alishindilia sufi ya mawe, akapaka saruji kwa mwiko wake mwembamba, akalainisha kwa kidole kilicholowa maji. Akabandika karatasi: namba, tarehe ya siku hiyo, jina lake kwa mkono wake. Tundu moja lilimchukua dakika arobaini, mawili kwa siku akibahatika. Matano ya chumba namba saba aliyafanya kwanza. Mzee Donat alimtazama kutoka kitandani, jicho la kushoto likifuata mwiko, na siku moja Annie aliona kona ya kushoto ya mdomo wake ikipanda.

Alianza kuzungumza naye akiwa juu ya ngazi. Alimweleza kila alichokuwa akifanya, kwa nini sufi haiungui, kwa nini kola lazima ibane. Hakuwahi kuzungumza naye kiasi hicho katika miaka yote ya bukari na redio. Baba hakuweza kujibu. Annie alifikiri mara nyingi kwamba mzee angekuwa anaweza kujibu, yeye asingesema.

Alipohamia vyumba vingine na korido, mambo yakawa magumu. Alikuwa katika chumba namba nne, kitupu tangu asubuhi, kichwa chake kikiwa ndani ya dari, aliposikia mlango ukifunguliwa.

"Tantine," sauti ikamwita kama shangazi, "uko unatafuta nini kule juu?"

Alikuwa Kiki, muuguzi wa orofa ya tatu, msichana mrefu wa miaka ishirini na sita ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akiketi. Annie aliinama kumtazama.

"Niko nafunga matundu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kuzuia moto."

"Moto iko wapi?"

"Haiyakuya bado."

Kiki alifunga mlango nyuma yake. Annie alishuka, na kwa kuwa hakuwa na uongo wowote tayari, akamwambia kweli yote, hata ya saini. Kiki hakusema kwamba anasadiki. Alisema anataka kuona. Wakashuka uani, nyuma ya jiko, wakaweka kipande cha povu juu ya tofali. Kiki mwenyewe alikiwasha kwa kiberiti cha jikoni. Alirudi nyuma hatua mbili, akakohoa, akaziba pua kwa aproni, na hakuondoa macho mpaka kikabaki alama nyeusi kwenye tofali. Kisha akatazama juu, madirisha ya orofa ya tatu.

"Bale bagonjwa bangu," akasema, "hata mumoja hawezi kukimbia."

Annie akamwambia kwamba ndiyo maana. Ofisini watu hushuka ngazi. Hapa lazima ukuta usimame imara, ili yule asiyeweza kutembea apate muda wa kubebwa.

Tangu siku hiyo Kiki alimpitishia habari akiwa anapita na trei ya dawa, bila kusimama: kesho chumba cha kumi kitakuwa wazi, leo usipande, daktari yuko kwenye korido. Wakati mwingine aliishika ngazi. Hawakuwa marafiki, hawakuwa na muda wa urafiki, lakini miaka ilikuwa imepita bila mtu kumshikia Annie ngazi, na mikono ile miwili chini yake ilimfanya apake saruji polepole kuliko ilivyohitajika.

Matundu ishirini na manne yalifikika kupitia dari za orofa zote. Mengine kumi na manne yalikuwa ndani ya kile chumba chembamba chenyewe, nyuma ya mlango wa chuma, na ufunguo ulikuwa kwa mkurugenzi. Annie alijiambia atalifikiria hilo baadaye. Kufika katikati ya Septemba alikuwa amemaliza ishirini na mawili.

Alhamisi moja, saa tisa kasoro, alikuwa katika chumba namba tisa. Tundu la ishirini na tatu lilikuwa la nyaya nyingi, na alikuwa amejaza nusu yake. Alimwacha mzee amelala vizuri, amekula vijiko sita vya uji. Mlango ukafunguliwa, na mikono ya Kiki ikashika ngazi.

"Tantine, shuka."

"Ningojee kidogo, nimalize hii."

"Shuka, tantine. Iko Papa."

Kutoka ngazi ile hadi kitanda cha baba yake zilikuwa hatua kumi na nne. Annie alizipima baadaye kichwani mara nyingi. Moyo ulisimama katika usingizi, Kiki alisema, na pengine ni kweli, kwani uso wa mzee ulikuwa umetulia. Jicho la kushoto lilikuwa wazi kidogo, limeelekea darini. Annie alilifumba kwa mkono wenye saruji, ikabaki alama ya kijivu kwenye kope, na Kiki akaifuta kwa pamba.

Jeannot alikuja na ndege kutoka Kinshasa. Matanga yalikuwa ya heshima. Walikuja wazee wa reli waliobaki, wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti nzito za Kiluba, na Annie alipika, alipokea watu, alishukuru. Siku moja kabla ya kuondoka, Jeannot aliuliza kwa upole ilikuwaje, maana jirani aliyekwenda kumtembelea mzee alimkuta mara mbili peke yake. Annie akamweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, kama mtu ambaye hajawahi kusimulia jambo refu.

Jeannot akasema, "Yaya, ulikuwa unafunga matundu, na Papa anakufa?"

Hakukusudia kumuumiza. Alikuwa anajaribu tu kuelewa. Annie akasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, akainuka kuosha sahani. Kesho yake alimsindikiza mpaka kwenye teksi ya uwanja wa ndege. Jeannot alimwachia shuka jipya na picha za watoto.

Kwa wiki tatu hakufanya kitu. Kasumbalesa walimwita, akasema anaumwa. Alipika bukari ya mtu mmoja, na kila mara ikawa nyingi, maana mkono haukujua kipimo kingine. Redio hakuiwasha. Mara moja aliota akiwa juu ya ngazi, na chini hakuna sakafu.

Siku aliyopigiwa simu na Daktari Katongo alidhani ni habari ya karatasi za kifo. Daktari alimwomba tu afike. Mezani kwake alikuta karatasi ndogo iliyobanduliwa, kingo zake zina saruji: namba kumi na saba, tarehe ya Septemba, *Annie Mapalo*. Bomba lilikuwa limevuja orofa ya pili, daktari akaeleza, mafundi wakafungua dari, wakamletea hii. Naye akawauliza wauguzi, na muuguzi mmoja akamjibu kila kitu kabla hajamaliza swali.

Alitoa faili, akaweka ile saini ya zamani kando ya karatasi ndogo. Hata mtoto angeona kwamba ni mikono miwili. Alikuwa pia amekwenda mwenyewe juu ya dari, akakata kipande cha waridi mahali ambapo Annie hakufika, akakichoma ndani ya sahani ya majivu. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na harufu ilikuwa bado humo.

Daktari hakuomba radhi. Alisema ameandika barua kwa kampuni na nakala kwa wakili, na kwamba barua hizo zitachukua muda. Kisha akauliza:

"Inabaki ngapi?"

"Kumi na sita," Annie akasema. "Moja niliiacha katikati, ingine sikuigusa. Kumi na ine ziko ndani, nyuma ya ule mulango ya chuma. Sina funguo."

Daktari Katongo alivuta droo, akautafuta ufunguo, akauweka juu ya meza, upande wa Annie.

Alianza na chumba namba tisa. Saruji aliyoiacha ilikuwa imekauka na kupasuka, ikambidi aikwangue yote na kuanza upya. Alipanda bila mtu wa kushika ngazi, maana Kiki alikuwa likizo kwao Mitwaba. Kila alipopumzika masikio yake yalisubiri mlango ufunguke. Haukufunguka. Akajaza, akalainisha, akaandika tarehe, akashuka, na kesho yake akaziba la ishirini na nne.

Ndani ya chumba chembamba alifanya kazi siku sita, kutoka chini kwenda juu. Pale hapakuwa na dirisha. Palikuwa na ngazi ya chuma ukutani, taa yake ya kichwani, na mlio wa maji yanayoshuka kwenye mabomba mtu alipofungua bomba mahali fulani. Kupitia ukuta alisikia maisha ya vyumba: mtoto akikataa dawa, wanawake wakisali, mzee mmoja akikohoa na binti yake akimwambia anywe maji. Wao hawakumsikia. Katika orofa ya tatu, nyuma ya chumba namba saba, alisimama na mkono juu ya ukuta. Upande wa pili kulikuwa na mgonjwa mwingine sasa, anazungumza na simu, anacheka. Annie alimlilia baba yake pale, kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye ubao kati ya nyaya, mpaka taa ya kichwani ikaanza kufifia. Kisha akabadilisha betri.

Tundu la mwisho lilikuwa chini ya paa. Alilimaliza Jumanne, saa tisa mchana. Alirudisha ufunguo, daktari alikuwa kwenye upasuaji, karani akaupokea na kuutia kwenye droo bila kuuliza. Mlinzi alikuwa mgeni. Annie akatoka barabarani na kikapu chake chepesi.

Kliniki ile haijaungua. Huenda waya utashika moto mwaka ujao na moshi ukafia chumba kimoja, wakasema ni bahati. Huenda hautashika kamwe. Annie alilijua hilo tangu Ndola: kazi hii ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayekuja kukuambia kwamba hakikutokea. Alidhani amekwisha lizoea. Lakini mchana ule, kwenye kituo cha basi, jua la Oktoba likichoma na mijakaranda ikimwaga maua kwenye vumbi, alitamani sana kumwambia mtu.

Kwenye kivuli alikuwa amesimama mwanamke mnene wa makamo, na fungu la mboga ya lengalenga kichwani. Walisalimiana. Mwanamke alitazama mikono yake ya kijivu, akauliza anatoka kazi gani.

"Leo nimefunga tundu ya mwisho," Annie akasema.

"Tundu ya nini, mama?"

Annie akaanza kumweleza. Alianza vibaya, na Hénoc, akarudi nyuma kwa baba yake, akaeleza sufi ya mawe kwa vidole, akafika pale muuguzi alipomkuta kichwa kikiwa darini. Basi la Katuba likaja, kondakta akapiga mlango kwa kiganja na kuita. Mwanamke alilitazama basi, akamtazama Annie, akashusha fungu lake la mboga chini, kando ya kikapu.

"Leka iende," akasema. "Kisha, yule muuguzi alipoingia, ukamuambia nini?"